Muulize Mkutubi: Mabepari wa Venisi wanakaa rafu gani?

SWALI: Bi Mkutubi, shikamoo. Nafundisha Kiswahili kwenye sekondari moja huku Muheza, na mwaka huu nimekabidhiwa maktaba ya shule: chumba kimoja, rafu 6, vitabu kama 900. Vingi vina namba mgongoni, sijui alizibandika nani. Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare iliyofasiriwa kwa Kiswahili, nimeikuta katikati ya vitabu vya Kiingereza. Riwaya za Kiswahili nazo zimechanganywa, za mapenzi, za upelelezi, za siasa, na kila siku wanafunzi wananiuliza, "Mwalimu, za upelelezi ziko wapi?" Je, aliyepanga alikosea? Naweza kuzibandua hizo namba nikapanga nijuavyo?
Mwalimu, Muheza

JIBU: Marahaba, mwalimu. Namba usizibandue, maana aliyezibandika hakukosea. Alifuata kanuni tu.

Hizo ni namba za Dewey. Melvil Dewey alikuwa Mmarekani, akifanya kazi katika maktaba ya Chuo cha Amherst, na mpango wake aliuchapisha mwaka 1876. Maarifa yote ya dunia aliyagawa mafungu 10, fasihi ikaangukia 800. Ukishaingia humo, swali la kwanza haliwi kitabu kinasimulia nini, bali kilitungwa kwa lugha gani. Shakespeare alitunga kwa Kiingereza, kwa hiyo makao yake ni 822.33, na Mwalimu Nyerere alipotupatia tafsiri yake mwaka 1969 hakumhamisha rafu. Peponi, riwaya ambayo Abdulrazak Gurnah aliitunga kwa Kiingereza, ni vivyo hivyo: Ida Hadjivayanis ameifasiri kwa Kiswahili cha kumtoa nyoka pangoni, lakini kwa kanuni hiyo mgongoni inaandikwa 823. Na Ngũgĩ wa Thiong'o? Riwaya alizotunga kwa Kiingereza ziko 823, za Kikuyu ziko 896. Mtu mmoja, nyumba mbili.

Sisi Waswahili tuko 896.392. Wamarekani wana 810 yao, Waingereza 820, Wajerumani 830, Wafaransa 840, halafu Warusi, Waarabu, Wachina na sisi tumebanwa wote kwenye 890 kama abiria wa kiti cha nyuma. Ndiyo maana namba yetu ni ndefu kama ya simu. Baada ya lugha linafuata umbo: ongeza 1 kwa ushairi, 2 kwa tamthilia, 3 kwa riwaya na hadithi. Basi 896.3923 ni riwaya ya Kiswahili, lakini namba haikuambii ni riwaya ya aina gani. Haijui kama mle ndani kuna maiti au harusi.

Wala jina la kitabu usiliamini. Nilipoanza kazi nilipewa sanduku la vitabu, nikaambiwa vyote viwe rafuni kabla ya saa sita. Nikashika Mzimu wa Watu wa Kale. Nikajiambia, haya ni matambiko, nikaipeleka kwenye mila na desturi, kando ya vitabu vya jando na ngoma. Ilikaa huko miezi, mpaka mzee mmoja alipokuja nayo kaunta huku anacheka: "Binti, huyu Bwana Msa umemleta unyagoni kufanya nini?" Kumbe ni riwaya ya upelelezi ya Muhammed Said Abdulla, ya mwaka 1960, na huyo Bwana Msa na kiko chake ndiye mpelelezi mwenyewe. Sikuwa nimefungua hata ukurasa wa kwanza.

Sasa tuje kwa wanafunzi wako. Maktaba ya rafu 6 haina haja ya kumtumikia Dewey kama mfalme. Kusanya riwaya zote zinazosomwa kwa Kiswahili, tafsiri zikiwemo, uzipe rafu yao. Tamthilia zikae chini yake, na Mabepari wa Venisi ihamie hapo. Namba zibaki mgongoni, na kwenye daftari la maktaba andika kila kitabu kimehamia wapi, ili atakayekupokea asikulaani.

Kisha nenda duka la vifaa vya umeme ukanunue teipu za rangi. Nyekundu iwe upelelezi, njano mapenzi, kijani siasa na jamii, buluu visa vya ajabu. Zikizidi nne, wanafunzi watazisahau, na wewe pia. Kila kitabu kipate rangi moja tu. Hapo ndipo utakapogombana na nafsi yako. Kusadikika ya Shaaban Robert, kwa mfano: nchi iko angani, lakini kitabu kizima ni kesi ya Karama, aliyeshtakiwa mbele ya wakubwa. Buluu au kijani? Mimi naipa kijani. Mwenzangu mmoja tuliyefanya naye kazi alikuwa akiibandika buluu kila nikigeuka. Nikikwama hujiuliza: aliyeipenda hii alirudi kuniomba kitabu gani?

Ushairi usiutie rangi kabisa. Ila kama una nakala mbili za Utenzi wa Mwana Kupona, ule wosia wa mwaka 1858 kwa bintiye, moja iweke kwenye ushairi, ya pili kwenye vitabu vya ndoa na malezi. Kwangu hiyo ya pili ndiyo iliyochakaa.

Teipu ibandike kidole kimoja juu ya namba, usiifunike, na upitishe soloteipu angavu juu yake. Kwa joto la Muheza, gundi peke yake haifikishi mwaka.