Tumbo joto la siku ya usaili

Mara ya kwanza kuitwa kwenye usaili wa mahojiano Dodoma, nilikwenda chooni mara nne ndani ya saa moja. Dada niliyeketi naye benchi moja alinishikia bahasha ya vyeti kila safari. Safari ya nne hakuuliza, alinyoosha tu mkono. Jua linawaka, viganja vyangu vya baridi. Nilipoingia wakaniambia nijitambulishe, nikasahau mwaka niliomaliza chuo.

Kazi sikupata. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba mwili wangu siku ile haukuwa na kasoro yoyote. Ubongo ukihisi jambo zito liko mbele, hauchagui kama ni jopo la wasaili au ni simba. Unaamuru tezi zilizokaa juu ya figo zimwage adrenalini, homoni inayouandaa mwili kukabili hatari. Moyo unakwenda mbio, damu inaelekezwa kwenye misuli mikubwa, ngozi na tumbo vinapunguziwa mgawo. Ndiyo maana vidole vinapoa, mate yanakauka, tumbo linavuruga. Mwili umeshajiandaa kutimua mbio, nawe umevaa tai na umeketi.

Nilikosea pale nilipokazana kujiambia "tulia, tulia". Moyo unaodunda namna ile hausikii amri. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alichapisha majaribio yake kuhusu jambo hili: watu waliotamka kwamba wana hamu kabla ya kuhutubia walizungumza vizuri kuliko waliotamka kwamba wametulia. Hamu na hofu mwilini zinafanana mno, kwa hiyo kuhama kutoka moja kwenda nyingine ni rahisi kuliko kuuzima moyo. Nilicheka niliposoma, lakini usaili uliofuata nilijaribu.

Nilibadili na mengine. Kahawa niliiacha, mara ya kwanza nilikunywa vikombe viwili, nikawa naongeza mbio juu ya mbio. Nilizunguka jengo kwa miguu badala ya kuganda kwenye benchi. Na sentensi ya kwanza ya kujitambulisha niliikariri neno kwa neno, maana mdomo ukishaanza, kichwa huufuata. (Hofu ikiwa inakufanya ushindwe kabisa kutoka nyumbani, hilo mwone daktari.)

Chooni safari hiyo nilikwenda mara mbili. Kijana wa pembeni yangu alikuwa akitikisa goti mpaka benchi linacheza.

"Lete bahasha, mdogo wangu," nikamwambia. "Choo kiko kulia, mwisho wa korido."