Vitabu vya wanamuziki: anzia kwa Siti

Dada, umeuliza kama kuna vitabu vya maisha ya wanamuziki mbali na hao wa roki wa Uingereza na Marekani. Vipo, tena vitamu.

Anza na Wasifu wa Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu, alioandika Shaaban Robert. Ni kijitabu chembamba, jamu mbili za Thika Road unakimaliza. Siti alikuwa akitembeza vyungu mtaani Zanzibar huku akivinadi, na sauti hiyo hiyo ya kunadi ndiyo iliyomtoa. Mwaka 1928 akafika Bombay kurekodi santuri. Shaaban anapenda kuhubiri hapa na pale (ndivyo alivyo, mvumilie), lakini Kiswahili chake ni asali.

Ukitaka msanii anayejisimulia mwenyewe, tafuta Still Grazing cha Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini, cha 2004. Hajipaki mafuta hata kidogo: ulevi, dawa za kulevya, ndoa zilizovunjika, vyote ameviweka mezani. Kuna pale bendi yao ya vijana inapoletewa tarumbeta na gwiji wa jazi Louis Armstrong kutoka Marekani. Hapo utatabasamu peke yako. Mwimbaji Miriam Makeba naye ana chake, My Story, na ukivisoma viwili pamoja utaona kila mmoja anavyomsema mwenzake, maana waliwahi kuoana.

Wa rumba wasome Congo Colossus cha Graeme Ewens, kuhusu Franco, mpiga gitaa wa Kongo aliyeongoza OK Jazz. Hicho kupatikana ni kazi. Waachie namba ya simu wauzaji wa mitumba ya vitabu wa mtaa wa Tom Mboya, Nairobi, wakikipata watakupigia.