Jibu: Ghala limevunjwa, mbona polisi wanazuia nisifagie?

Mkuu, umeuliza kwa nini askari hapo Newala wamekuzuia kufagia ghala lako la korosho lililovunjwa usiku. Wako sahihi kabisa. Ukipitisha ufagio umefuta nyayo, na ukilishika lile kufuli umeweka alama za vidole vyako juu ya za mwizi. Askari wa doria kazi yake hapo ni kulinda eneo tu. Mpelelezi ndiye anayepiga picha, kuchora ramani ya tukio na kuandika maelezo ya mashahidi. Wakichukua kufuli au gunia, dai hati ya ukamataji mali, usaini wewe na shahidi. Wengi hulipuuza hili, halafu kesi inayumba mahakamani. RB, yaani namba ya taarifa uliyoandikisha polisi, unayo? Na kama mlinzi wako alijeruhiwa, apewe PF3, fomu ya polisi ya kupelekea majeruhi hospitali.