Mkanda wa taimingi usiojua ulifungwa lini, utoe

Mkuu, umesema Hiace yako ya dizeli, injini ya 3L, inasoma km 168,000, fundi amefungua kava akakuta mkanda hauna ufa, na taa ya T-BELT, ile ya dashi inayokumbusha kubadili mkanda, haijawaka. Unauliza ubadilishe sasa au uvute hadi 200,000. Badilisha wiki hii. Na mimi niliambiwa maneno hayo hayo, kwamba mkanda hauna ufa na taa haijawaka.

Yangu niliinunua mkononi kwa mtu mwaka 2014, hapa hapa Tanga, dashi ikisoma 87,000. Mwaka uliofuata natoka Korogwe na magunia ya mahindi, nimeshapita Segera, nakaribia Hale, gari ikazima ghafla. Haikukohoa wala kutoa moshi. Nikipiga stata injini inazunguka kwa wepesi wa ajabu, haina ubishi kabisa. Ilivutwa hadi gereji Ngamiani.

Kwenye 3L mkanda huo ndio unaozungusha kemshafti (shafti inayofungua valvu) na pampu ya dizeli. Ukikatika, kemshafti inasimama lakini pistoni bado zinapanda, zinazikuta valvu ziko wazi. Zangu zilipinda, silinda hedi, kile kichwa cha injini chenye valvu, ikashushwa, gari ikalala wiki tatu. Fedha niliyotoa ingenunua mikanda mitano na tenshena zake, yaani vikaza mkanda.

Kilichoniuma zaidi nilikijua baadaye. Pembeni mwa mlango wa dereva palikuwa na stika ya Kijapani ambayo sikuwahi kuijali. Mzee mmoja aliyezoea magari ya Japani akanionyesha: ni ya mkanda wa taimingi, mwaka 15, km 151,200. Hiyo 15 ni ya kalenda yao ya Heisei, unajumlisha 1988 unapata 2003. Kumbe mkanda ulikuwa na miaka 12, na dashi ilishachezewa kabla haijanifikia! Ile taa ya T-BELT nayo huhesabu kilomita za dashi tu, haijui chochote kuhusu mkanda wenyewe. Dashi ikirudishwa nyuma, taa inakaa kimya.

Na kuhusu macho ya fundi: nguvu ya mkanda iko kwenye nyuzi za ndani. Zinaweza kuchoka huku mpira wa juu unang'aa. Cha kuangalia kwa macho ni oili. Sili (mpira wa kuzuia oili) ya krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, au ya kemshafti ikivuja, mpira unalainika, na hapo hata mkanda mpya haudumu. Kwa hiyo sili na tenshena ziingie mpya siku hiyo hiyo, maana kazi ya kufungua ni ile ile. Wenye Noah ya petroli ya 3S ongezeni na pampu ya maji, inazungushwa na mkanda huo huo. Wenye IST msihangaike, ile ni cheni.

Tafuta stika mlangoni na chini ya boneti. Usipoikuta, hesabu muda umekwisha. Mimi sasa natoa kila km 80,000 au miaka 5, lolote litakalotangulia. Kwa joto letu na kupanda Lushoto na mzigo, siingojei 100,000.

Siku ya kufunga simama pale pale. Kabla ya kugusa stata, fundi azungushe krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, alama zote za taimingi zirudi mahali pake. Akihisi inakwama, asilazimishe, afungue aanze upya.