Patasi yangu haikai na makali

SWALI: Shikamoo fundi. Najifunza useremala hapa Muheza, na kazi zetu nyingi ni za msaji na mvule. Patasi yangu naipiga grainda mpaka inang'aa, lakini nikichimba matundu mawili matatu ya fremu ya mlango, makali yamekwisha. Ncha yake imefanya rangi ya buluu. Je, niliuziwa feki?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiitupe kwanza. Hiyo buluu inaonyesha kwamba chuma kimeungua kwenye grainda. Patasi hupewa ugumu wake kiwandani, na ikipata joto kali tena, ugumu unapotea. Kwanza huja rangi ya manjano, kwenye nyuzi 220 hivi za Selsiasi, kisha kahawia, halafu zambarau, na ikikaribia nyuzi 300 inakuwa buluu. Ncha ni nyembamba mno, kwa hiyo yote hayo hutokea ndani ya sekunde chache. Kuichovya kwenye maji baada ya buluu kutokea hakusaidii, na ukisugua kwa msasa unaondoa rangi tu, ulegevu unabaki.

Kwa hiyo ondoa sehemu yote iliyounguzwa. Vaa miwani, weka kopo la maji karibu, gusisha patasi kwenye jiwe la mashine kidogo tu, ichovye, rudia. Usivae glovu: kidole kikae karibu na ncha, na ukisikia joto, chovya.

Pembe utaipata kwa rula. Upande ulioinama ukiwa na urefu mara mbili ya unene wa chuma, hiyo ni nyuzi 30. Chuma cha milimita 4, basi mteremko wa milimita 8. Kwa mbao ngumu na kazi ya kugonga nyundo, usiifanye nyembamba kuliko hapo.

Grainda iishie hapo. Makali yenyewe yanatoka kwenye jiwe la kunolea, na hapa ndipo vijana wengi wanapokosea: wananoa upande mmoja. Makali ni pale pande mbili zinapokutana, kwa hiyo mgongo, yaani upande usioinama, nao lazima uwe bapa na laini, walau sentimita 2 au 3 za mwisho. Ulaze mgongo wote kwenye jiwe, usiuinue hata kidogo, usugue mpaka mikwaruzo ya kiwandani iishe. Kazi hii inachosha, lakini kwa patasi moja unaifanya mara moja tu.

Kisha noa ule mteremko kwenye upande mkwaruzo wa jiwe, halafu upande laini, kwa maji au mafuta mepesi. Pitisha kidole mgongoni kuelekea nje ya ncha, kamwe usikipitishe kwa urefu wa makali. Utasikia kijiukingo cha chuma kilichojikunja. Kikisikika kutoka kona hadi kona, umefika. Geuza, laza mgongo, sugua mara chache, rudi mteremkoni kwa mkono mwepesi, mpaka kidondoke. Malizia kwenye kipande cha mkanda wa ngozi kilichogundishwa ubaoni, ukivuta kurudi nyuma.

Elekeza ncha kwenye mwanga. Ukiona mstari unaong'aa, bado ni butu. Makali ya kweli hayaonekani. Halafu chonga kichwa cha kipande cha paina, pale mbao ilipokatwa. Patasi ikikata bila mbao kuchanika, nenda kazini.

Hata hivyo, usitegemee ikae siku nzima. Msaji una silika ndani yake, na mvule huwa na vijiwe vya chokaa vilivyojificha, vigumu hasa. Ukikutana na kijiwe, kitoe kwa patasi kuukuu. Rudisha makali kwenye jiwe laini kabla hayajaisha. Ukisubiri yafe utarudi kwenye grainda, na ndiko ulikotoka.

Baada ya haya yote, makali yakijikunja hata kwenye paina, basi chuma chenyewe ni laini, na hapo ndipo utafute patasi nyingine. Yakimeguka vipande badala ya kujikunja, ongeza pembe kidogo kwanza kabla ya kumlaumu muuzaji.