Raundi tatu baada ya alasiri

Mzee mmoja wa Matondoni aliniletea barua ya ukurasa mmoja nimchapie. Nilikuwa na miezi miwili tu kwenye kazi ya saiba, duka la kompyuta na intaneti, hapa Langoni mjini Lamu, nachapa kwa vidole viwili, kila herufi naitafuta kwa macho. Akanitazama kwa upole, akasema, "Mwanangu, maji hayangoji." Nilipomaliza, maji yalishakupwa na mashua yao imeshaondoka, ikambidi arudi kwa miguu. Iliniuma sana. Usiku ule nikaanza mchezo wa maneno yanayoshuka kwenye kioo cha kompyuta, ambayo unatakiwa uyachape kabla hayajagusa chini.

Nilianza vibaya. Usiku wa Ijumaa nacheza saa mbili nzima, halafu wiki yote siugusi. Viganja viliuma, na Ijumaa ya pili vidole vimeshasahau. Kilichonifaa ni kuufunga mchezo kwenye jambo ninalolifanya kila siku bila kukumbushwa. Kwanza ilikuwa chai ya asubuhi: birika likiwa jikoni, nacheza raundi tatu, kama dakika saba, kisha nafunga hata nikiwa na hamu ya kuendelea. Hamu hiyo ndiyo inayonirudisha kesho yake.

Ramadhani ilipoingia, chai ikaondoka na mchezo ukaondoka nayo. Ilipita siku ya kumi ndipo nikagundua. Basi chagua jambo lisilokatika. Mimi niliuhamishia baada ya sala ya alasiri, na baada ya Idi sikuurudisha asubuhi.

Mwezi wa kwanza usifuate mbio. Weka vidole vya shahada juu ya F na J. Zina vituta vidogo ili uzipate bila kutazama. Nilitandika leso ya mama juu ya mikono nisiweze kuchungulia. Nikashuka kutoka maneno 18 kwa dakika hadi 9, nusura niache. Wiki ya saba nikafika 24. Sasa nachapa 41.

Jambo ninalotamani ningeambiwa mapema ni hili: michezo mingi huja na maneno ya Kiingereza, nayo hayavizoezi vidole kwa lugha yetu. Kiswahili kimejaa herufi a, na a iko chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ambacho hakina nguvu. Chapa "hawakutaka" uone kinavyofanya kazi mara nne katika neno moja. Kisha ile alama ya ng' inataka kidole cha mwisho cha kulia. "Ng'ambo" ilinichelewesha kuliko neno lolote. Kama mchezo wako unaruhusu, jaza maneno yako mwenyewe. Mimi nilijaza ya kazini: mwombaji, mirathi, shamba, chifu, kitambulisho. Na ukiona hesabu haiendani na maneno uliyochapa, ujue kwa kawaida herufi tano huhesabiwa neno moja, kwa hiyo "kitambulisho" pekee ni zaidi ya maneno mawili.

Ukikosa siku, usiilipe. Niliwahi kulipa siku tatu kwa mkupuo, viganja vikanirudia kuuma. Cheza raundi tatu za leo tu. Stima ikipotea mimi huchapa juu ya meza, nikitamka herufi polepole, na wadogo zangu wameshazoea kusikia vidole vikigonga mbao.