Kombucha yenye kilevi: usiifungie kabatini kama mvinyo

Mkuu, umeuliza kama kombucha (chai tamu iliyochachushwa) uliyoiongezea sukari na hamira ya shampeni inaweza kukaa kabatini miezi kadhaa, maadamu kilevi chenyewe kinazuia isioze. Kuoza si hofu kubwa hapo, kwa sababu asidi na kilevi vinawabana vijidudu wengi. Hofu ni hamira. Iko hai, na ikikuta sukari ndani ya chupa iliyofungwa inaendelea kutoa gesi isiyo na pa kwenda.

Piga hesabu. Gramu 4 za sukari katika lita moja ya kinywaji, zikiliwa zote, hutoa takriban lita moja ya gesi. Bia nyingi zina kama lita mbili na nusu za gesi kwa kila lita ya bia. Shampeni hutiwa gramu 24 hivi kwa lita kabla ya kufungwa, ndiyo maana chupa yake ni nene vile. Sasa wewe unaongeza juisi ya embe, sukari tele, halafu unafunga kwenye chupa nyembamba ya pembe nne iliyonunuliwa kwa urembo! Pembe ndizo hupasuka kwanza. Tumia chupa za duara zilizotengenezwa kwa vinywaji vya gesi, uache nafasi ya sentimita 2 au 3 shingoni.

Mimi kabla ya kufunga napima kwa haidromita, kifaa kinachoelea na kuonyesha sukari iliyobaki. Kipimo kikibaki palepale siku kadhaa mfululizo, sukari inayolika imekwisha. Kila mara najaza pia chupa moja ya plastiki ya soda kutoka chombo kilekile. Naibonyeza kwa kidole gumba: ikiwa bado inabonyea, nasubiri, ikiwa ngumu kama jiwe, zote zinaingia friji siku hiyohiyo, kwenye nyuzi 4 au chini yake. Baridi hiyo haiui hamira, inaipunguza kasi tu, kwa hiyo ukizitoa zikae joto, kazi inaanza upya. Wala usizigandishe, maji yakiganda yanatanuka na kioo kinapasuka.

Wapo wanaoshauri kulegeza kifuniko kila siku ili gesi itoke. Siupendi mtindo huo: gesi unayoitaka inapotea, hewa inaingia, na bakteria wa kombucha wakipata hewa wanageuza kilevi kuwa siki. Kwa sababu hiyohiyo, chupa ukishaifungua imalize mapema. Ifungue ikiwa baridi, juu ya sinki, umeifunika kitambaa, uso ukiwa pembeni.

Utando mweupe unaoteleza shingoni usikutishe, ni kombucha inajijengea mama mpya, yaani utando wa bakteria na hamira unaoichachusha. Ukiona manyoya makavu ya kijani au meusi, mwaga yote, usichuje.

Na andika kwenye chupa tarehe na neno KILEVI. Ndani ya friji inafanana kabisa na juisi, na watoto hawaulizi.